Je, wajua unene wa sauti ya valvu unatoka wapi?

Unganisha spika zilezile kwenye amplifaya ya valvu, yaani ile yenye mirija ya glasi inayowaka, kisha kwenye ya transista, upige wimbo uleule. Mara nyingi valvu itakupa besi iliyojaa zaidi, na mwimbaji atasogea mbele kidogo kana kwamba ameikaribia maikrofoni. Tofauti hiyo ipo na hupimika. Sababu yake ndiyo inayosimuliwa vibaya.

Maelezo ya kijiweni, ambayo hata aliyeandika haya aliwahi kuyameza mazima, yanasema valvu hupitisha muziki kama ulivyo, ilhali transista huuchakachua. Vipimo vinasema kinyume. Valvu ya 300B, ikifanya kazi peke yake bila mwenzake wa kupokezana naye, hutoa kama wati 8 tu, na inapokaribia kikomo hicho uchafu katika sauti hufika asilimia 3 hadi 5. Amplifaya ya kawaida ya transista, hata ya bei ya chini, kwa kawaida hukaa chini ya asilimia 0.1 ikiwa haijasukumwa hadi mwisho.

Hapo watetezi wa valvu huhamia jibu la pili: uchafu wake ni mtamu. Kuna ukweli. Noti ya hezi 220 ikipita kwenye valvu hiyo huzaa hasa hezi 440, yaani noti ileile oktavu moja juu, kama mtoto anayeimba pamoja na baba yake. Sikio haliudhiki. Lakini kwa wati moja hivi, ambayo ndiyo sauti ya kawaida ya sebuleni, uchafu huo hushuka hadi karibu asilimia 1 au chini yake, na katikati ya magitaa na ngoma si rahisi kuutambua. Tena hauelezi besi kujaa. Ule mwanga wa rangi ya chungwa nao hauelezi chochote: ni hita inayopasha kathodi ili elektroni zichomoke. Unapendeza kutazama, basi.

Kinachobeba mzigo mkubwa ni ukinzani wa ndani wa amplifaya yenyewe, pale inapotolea umeme kwenda kwenye spika.

Chukua tangi la maji juu ya paa. Bomba linaloshuka likiwa la nusu inchi, ukifungua koki yote presha inaanguka na maji yanatoka kwa uvivu. Ukiibana koki, presha inapanda. Weka bomba la inchi mbili, na presha haijali tena: fungua, bana, ni ileile. Amplifaya ya transista ni bomba la inchi mbili, ukinzani wa omu 0.1 au pungufu. Ya valvu isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya kinachotoka ili ijisahihishe, ni la nusu inchi, mara nyingi omu 2 au 3.

Koki ni spika. Kibandiko cha nyuma kinasema omu 8, lakini hiyo ni namba ya kukadiria tu. Spika hiyohiyo yaweza kuwa na omu 6 kwenye hezi 200, ikapanda hadi 30 kwenye hezi 50, pale wufa, spika ya besi, inapopenda kutikisika yenyewe, halafu ikapanda tena kwenye noti za juu zaidi, pale krosova, sakiti inayogawa noti, inapokabidhi kazi kutoka wufa kwenda twita, spika ya sauti nyembamba. Koki inajifungua na kujibana noti baada ya noti.

Sasa hesabu. Ukinzani wa ndani ukiwa omu 2, penye omu 6 spika inapata 6/8 ya volti, yaani asilimia 75. Penye omu 30 inapata 30/32, karibu asilimia 94. Besi imependelewa kwa karibu desibeli 2. Kwa omu 0.1, upendeleo huo ni desibeli 0.1, ambao husikii. Zaidi ya hayo, kwenye valvu wufa haipati breki ya kutosha, kwa hiyo noti nzito huchelewa kunyamaza. Penye mazulia na makochi hilo huitwa unene. Kwenye chumba kidogo cha zege ambacho tayari kinavuma, besi inakuwa uji.

Yote haya yanategemea spika. Yenye ukinzani usiopanda na kushuka haitaonyesha tofauti hiyo, na amplifaya za valvu zenye mrejesho mwingi hufika chini ya omu 1. Ndiyo maana watu wawili hubishana juu ya amplifaya moja, wote wakiwa sahihi. Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani, Bob Carver, aliirekebisha amplifaya yake ya transista hadi wasikilizaji wa jarida la Stereophile wakashindwa kuitofautisha na ya valvu ya bei kubwa.

Unaweza kuonja kabla ya kununua, kwa kuuiga ukinzani huo wa ndani kwenye amplifaya yako ya transista. Tafuta rezista mbili za saruji, omu 2.2, wati 10, uunge moja kwa mfululizo kwenye waya chanya wa kila spika, amplifaya ikiwa imezimwa. Usiiunge kati ya chanya na hasi: huko ni karibu na shoti, na transista za mwisho zaweza kuungua. Ongeza sauti kwa desibeli 2 hivi kufidia kinachopotea, la sivyo utalinganisha kelele na kelele pungufu. Rezista hupata moto, isiguse zulia.

Bado unataka valvu? Valvu nne za EL34 hula karibu wati 38 kwenye hita pekee, kabla ya noti ya kwanza. Usizipigishe bila spika kuunganishwa, maana volti hurudi kwenye transfoma ya kutolea na kuitoboa insulesheni. Hita ya volti 6.3 huvumilia asilimia 10 juu au chini. Umeme wa volti 230 ukipanda hadi 260, hita inapata volti 7.1, imeshavuka mpaka, kwa hiyo bei ya stabilaiza iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.