Fundi sanifu wa uhandisi wa anga si fundi wa ndege, wala si injinia aliyeishia njiani

Likitoka tangazo la kazi tu, liwe la hapa au la Marekani, utalikuta kwenye magrupu limeandikwa "wanatafutwa mafundi wa ndege", ukilifungua ndani unakuta kitu kingine kabisa, anatafutwa fundi sanifu wa uhandisi wa anga. Huku kwenye komenti mmoja anawaita mainjinia, mwingine anauliza kama lazima uwe umewahi kurusha ndege. Hapana jamani.

Kwa kifupi huyu ni mtu wa stashahada, zamani tungesema wa FTC, kile cheti kamili cha ufundi sanifu, ambaye anaandaa, anafunga na anaendesha mitambo na vipimo vya kujaribia ndege, roketi au satelaiti kabla haijaruhusiwa kufanya kazi. Injinia anasema tunataka kujua nini, fundi sanifu anahakikisha hilo jambo linapimika. Maana yenyewe ndo hiyo.

Sasa mkanganyiko unatoka wapi. Unatoka kwenye leseni, na kusema kweli watu wana haki ya kuchanganyikiwa. Yule anayefungua injini ya ndege ya abiria, akabadilisha kifaa, akasaini kwamba ndege hii sasa iruke, anatakiwa awe na leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu TCAA, Kenya KCAA. Leseni hiyo huku Afrika Mashariki, kwa kufuata Waingereza, imeandikwa injinia wa matengenezo ya ndege. Marekani mtu yuleyule cheti chake kinamwita makanika, na anakipata akiwa na uzoefu wa miezi 30 kama anataka bodi na injini kwa pamoja, au apitie chuo kinachotambulika. Na ICAO wenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho cha 1 cha mkataba wao wameweka majina matatu, teknishani, injinia, makanika, wakaiachia kila nchi ichague linaloipendeza. Yaani kazi moja, saini moja, majina matatu, halafu tunashangaa mtoto wa mtu akisema anasomea uteknishani wa anga, yaani ufundi sanifu, baba yake anajibu "kwa hiyo utatengeneza ndege".

Hatatengeneza. Kinachotoka mikononi mwa fundi wa ndege ni ndege inayoruka kesho asubuhi, kinachotoka mikononi mwa fundi sanifu wa uhandisi wa anga ni namba, tena namba ambayo mtu mwingine ataiamini bila kuwepo. Mimi hapa ndo huwa nang'ang'ania.

Chukua streni geji. Ni kikaratasi chembamba chenye njia ya chuma imepindwapindwa kwenda na kurudi, kidogo kuliko kucha, unakigandisha juu ya bawa, bawa likivutika na chenyewe kinavutika na ukinzani wake wa umeme unapanda. Tuseme ni cha omu 350, chuma cha bawa kikivutika sehemu moja tu kati ya 1,000, kile kikaratasi kinasoma kama omu 350.7. Hiyo pointi saba ndo habari yote. Sasa angalia anavyokibandika: anatoa mafuta kwenye chuma, anapiga msasa laini, anachora mstari kwa penseli, anafuta kwa shashi kwa kwenda upande mmoja tu maana ukirudisha mkono umerudisha na uchafu, anaweka gundi ya jamii ya supagluu tone moja, anakandamiza kwa dole gumba dakika nzima bila kuachia. Akiacha kapovu ka hewa chini yake, geji haivutiki sawasawa na chuma, namba inatoka ndogo, na injinia mezani anaona bawa halijaelemewa kumbe limeelemewa. Hakuna kengele inayolia, na kompyuta inachora grafu nzuri kabisa.

Namba hizo zinakwenda kufanya nini? Sheria za ndege kubwa zinataka muundo ubebe mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa safarini, na uubebe kwa sekunde 3 bila kuvunjika. Mwaka 1995 Boeing walilivuta bawa la 777 kwa makusudi mpaka likakatika, likafika asilimia 154 ya mzigo huo, yaani mara 1.54. Mwaka 2006 kule Toulouse bawa la A380 lilikatika kwenye mara 1.45, kabla ya kufika, na Airbus wakalazimika kuliongezea nguvu. Tofauti ya 1.45 na 1.5 ni ndogo, ukiwa huna vipimo vya kuaminika pale hata hujui kama umefaulu au umefeli, utabaki na bawa lililovunjika na watu wanabishana.

Na si lazima kuwe na ndege hata. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni karibu na Malindi, ikiwa na satelaiti ya kupima miale ya eksirei kutoka angani, wakaiita Uhuru kwa sababu siku yenyewe ilikuwa ya uhuru wa Kenya. Pale hapakuwa na bodi ya ndege ya kufungua wala abiria wa kumsainia, ila kuna waya, sensa na mawasiliano ambavyo lazima mtu avikague kimoja kimoja kabla ya kuhesabu kurudi nyuma. Mtu wa kazi hizo ndo huyu tunayemzungumzia.

Lile la pili, kwamba ni injinia aliyeishia njiani, sitalichelewesha. Ukiwa na stashahada unaweza kuendelea na digrii kama unataka, wapo wanaoendelea, ila waliobaki hawakubaki kwa kushindwa, mkono wa kubandika geji 200 zote zikasoma haupatikani kwenye mtihani wa hesabu na mainjinia wengi wenyewe hawawezi.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesambaza matangazo, angalia kitu kimoja tu kabla ya kuforwadi. Kama wameandika leseni ya TCAA au KCAA, hapo anatafutwa fundi wa ndege, mpelekee jirani yako wa hanga. Kama wameandika majaribio, vipimo, handaki la upepo (njia ya kupulizia upepo mfano wa ndege ili kuupima), ukusanyaji wa data, basi ni fundi sanifu, na huyo hahitaji leseni ya ndege, usimtishe bure akaacha kuomba.