Mzee wa kanisa na kaya zake

Ninapoendesha semina za wazee wapya katika sharika zetu za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), huwauliza mambo mawili: eneo lako lina kaya ngapi, na katika hizo nani anaumwa? La kwanza hujibiwa hapo hapo. La pili huleta ukimya, kisha mmoja husema, "Mchungaji, hilo si la mwinjilisti?"

Siwalaumu. Kwa miaka mingi wameona mzee wa zamu akipitisha vikapu, akisimamia mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, kisha akiingia ofisini kuhesabu. Hiyo ndiyo kazi waliyoiona, hivyo wakichaguliwa wanairithi.

Rudi kwenye Matendo 14:23. Paulo na Barnaba wanapita tena Listra, Ikonio na Antiokia wakiweka wazee katika kila kanisa, na hakuna hata jengo linalotajwa. Katika sura ya 20, Paulo yuko Mileto, anawaita wazee wa Efeso awaage. Anawaambia wajitunze wenyewe na kulitunza kundi, maana mbwa mwitu watakuja, wengine wakitokea humo humo ndani. Fedha inatajwa mara moja tu, Paulo akisema hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu. Yakobo naye, katika 5:14, anamwagiza mgonjwa awaite wazee wamwombee na kumpaka mafuta. Kwa hiyo swali langu la pili si la mwinjilisti peke yake.

Kumpa mzee eneo nako kuna historia ndefu. Geneva, mji ulioko Uswisi ya leo, katika taratibu za kanisa za mwaka 1541, mwanamatengenezo wa kanisa Yohane Calvin na wenzake walitaka wazee 12 kutoka mabaraza ya mji, wapatikane wa kila mtaa ili pasiwe na kona isiyotazamwa. Walikutana na wachungaji kila Alhamisi. Walikuwa wakali mno kwa maoni yangu, lakini kwamba mzee ajue majirani zake kwa majina, hapo walipatia.

Kwetu kujua huko kuna uzito, kwa sababu katika sharika nyingi mzazi anayetaka kubatiza mtoto, au vijana wanaotaka kufunga ndoa, huanzia kwa mzee wao. Yeye ndiye anayemwambia mchungaji kwamba huyu ni wetu, tunamfahamu. Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya wazee. Mama anakuja kuomba ubatizo, anafunguliwa daftari la ahadi za sadaka: "Bahasha zako za sadaka za mwaka jana ziko wapi?" Ubatizo hauuzwi. Bahasha tupu za miezi sita zingepaswa kumfanya mzee apige hodi nyumbani kwa huyo mama mapema, pengine mume amepoteza kazi, pengine hakuna unga.

Akishaingia nyumbani atasikia mengi. Ugomvi wa wanandoa afuate Mathayo 18: kwanza wawili faraghani, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Anayeanza kwa kulipeleka suala kwenye jumuiya, yaani kikundi cha sala cha majirani, eti "tuwaombee", ameshalitangaza. Lakini usiri una mpaka. Mtoto akiwa amedhulumiwa kingono, au mtu anapigwa, wazee hawana kikao cha suluhu cha kukaa. Wampeleke polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na wamwone afisa ustawi wa jamii. Nimesikia hoja ya kulinda jina la usharika, na sioni pa kuiweka.

Kuhusu sadaka sina maneno mengi. Zihesabiwe na watu zaidi ya mmoja, hapo hapo kanisani, waandike, wasaini, ziende benki.

Uchaguzi ndio unaotuponza. Tito 1 na 1 Timotheo 3 zinataja kiasi, ukarimu, nyumba yenye utaratibu, uwezo wa kufundisha, kutopenda fedha. Gari halimo. Sisi tunamchagua mwenye gari kwa kuwa mabati ya kanisa hayajatimia, kisha tunashangaa haonekani msibani.

Mzee naye akituhumiwa, utasikia 1 Timotheo 5:19 ikisomwa kwa sauti kubwa: mashtaka yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Msomaji hukomea hapo. Mstari wa 20 unaagiza wanaotenda dhambi wakemewe mbele ya wote, na mzee hakutolewa humo.

Muhula ukiisha, mzee anayetoka azunguke nyumba kwa nyumba na mwenzake mpya, amtambulishe kwa wajane, wagonjwa na walioacha kuja ibadani. Kwa kawaida kinachokabidhiwa ni daftari la ahadi na ufunguo wa kabati.