Kuacha kasha la kompyuta wazi si dawa ya joto
Kampala, wengi waliojiundia kompyuta huvua ubavu wa kasha wakiamini hewa itaingia kwa wingi. Kweli, joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huweza kushuka nyuzi kadhaa, lakini hiyo ni dalili tu kwamba matundu ya mbele hayatoshi. Feni za mbele hupoteza kazi yake, maana upepo hausukumwi tena kupita kwenye diski na kadi ya michoro. Na vumbi letu jekundu la murram wakati wa kiangazi! Hujaa katikati ya mapezi ya kipoza joto na kuziba kile kile ulichotaka kukisaidia.

Funga ubavu. Weka feni mbili mbele zivute hewa kupitia kichujio, moja nyuma itoe. Hewa inayoingia ikizidi kidogo inayotoka, vumbi halinyonywi kwenye nyufa.

Kasi nayo isiwe juu muda wote. Feni yenye plagi ya pini 4 hupokea amri ya kasi kutoka ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote. Ya pini 3 huongozwa kwa volti, hivyo chagua hali ya volti (DC) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, la sivyo itazunguka kwa nguvu zote. Anza na asilimia 40 prosesa ikiwa chini ya nyuzi 50, ipande taratibu hadi 100 ikifika 80.