Rubela ya mjamzito, usonji na ile chanjo mnayoikimbia

Usonji ni nini?
Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mtoto hupata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na hurudiarudia vitendo vilevile. Hajarogwa, wala si malezi mabaya ya mama.

Virusi vinahusikaje?
Visababishi ni vingi, kurithi kukiwa na sehemu kubwa, na watoto wengi wenye usonji mama zao hawakuugua rubela kabisa. Lakini rubela, ugonjwa unaoletwa na virusi, inajulikana kuwa kimojawapo. Mama huona homa ndogo na vipele vya siku tatu, akapona. Virusi vimeshapita kondo la nyuma. Akiugua ndani ya wiki 12 za kwanza, hadi watoto 9 kati ya 10 hudhurika: uziwi, mtoto wa jicho, moyo, ubongo. Baada ya mlipuko wa Marekani wa 1964 na 1965, Dkt. Stella Chess wa New York aliwachunguza watoto 243 waliozaliwa na rubela; 18 walikuwa na usonji au baadhi ya dalili zake.

Si chanjo ya surua-rubela ndiyo inayoleta usonji?
Hapana. Uvumi huo ulianzia Uingereza kwa makala ya Andrew Wakefield ya 1998, yenye watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida liliifuta, naye akafutiwa usajili wa udaktari. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakuwazidi wenzao kwa usonji.

Lakini jirani yangu mwanawe alichanjwa, akaacha kusema.
Pole yake. Dalili nyingi huonekana katika umri uleule wa chanjo. Hapana, chanjo haileti usonji.

Juzi hapa kliniki nimefungua kadi ya chanjo ya mtoto wa miaka mitatu. Kisanduku cha miezi 9 kitupu, cha miezi 18 kitupu. Mama amekaa mbele yangu na mimba ya miezi miwili, mtoto mapajani. Shangazi ndiye aliyekataza, eti kulinda akili ya mtoto. Jamani! Huyo mtoto akiokota rubela, wa kwanza kumwambukiza ni mama yake. Chanjo ipo Tanzania tangu 2014, bure.

Nina mimba, nichanjwe sasa?
Hapana, utachanjwa ukishajifungua. Kwa sasa wachanjwe watoto wa nyumbani. Anayepanga mimba achanjwe angalau mwezi mmoja kabla.

Nikitokwa na vipele na homa?
Njoo siku hiyohiyo, usipitie duka la dawa. Mlangoni tu sema, "nina mimba na vipele," tukuweke mbali na benchi la wajawazito wenzako.