Kwaresma siyo ya Wakatoliki peke yao jamani

Kauli kwamba Kwaresma ni ya Wakatoliki tu, huku Mbeya nimeisikia tangu utotoni, ukipanda bajaji Mwanjelwa Jumatano ya Majivu lazima mtu aseme "aa leo siku yenu Wakatoliki". Hapana bwana. Walutheri wanayo, Waanglikana wanayo, na Wamoravian, ambao wako Rungwe tangu 1891, wakifika Juma la Mateso wanakaa kanisani jioni kwa jioni wanasomewa habari za Yesu mpaka msalabani, sasa hiyo utaiitaje?

Cheki miaka basi. Mtaguso wa Nikea, yani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, tayari unazitaja siku arobaini kabla ya Pasaka. Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, kaja na hoja zake 1517, yani Kwaresma ilishazeeka kabla watu hawajagawana makanisa. (Ukihesabu kwenye kalenda toka Jumatano ya Majivu utapata 46 mpaka Jumamosi Kuu, Jumapili 6 hazihesabiwi, ni siku za ufufuko hazifungwi.)

Na meza ya Bwana ni hivyohivyo, huyu anaita komunyo, yule Chakula cha Bwana, tunabishana sana inavyoeleweka na kwa kweli bado hatupokei pamoja, ila wote tunakumbuka usiku uleule, mkate uleule uliomegwa.