Desa la kwenye simu na desa la karatasi: yanayosemwa na yaliyopimwa

UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia, stesheneri za jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma hujaa. Mmoja kashika fleshi, mwingine anamrushia mwenye mashine pidiefu ya desa, yaani notsi za somo, kwa WhatsApp, na pembeni hawakosi wa kuwacheka: desa unalo kwenye simu, karatasi unalipia ya nini? Ubishi huo huhamia kwenye vimbweta, zile meza za nje za kujisomea, na hauishi, maana kila upande umeshika nusu ya ukweli.

"Maneno ni yaleyale, tofauti ni hela tu"

Kwa mantiki hoja hii haina kosa. Sentensi haibadiliki ikihama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini. Anayebadilika ni msomaji. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, pamoja na mwenzao wa Israel, walichambua kwa pamoja tafiti 54 zilizotolewa kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma karatasi walielewa zaidi. Pengo lenyewe si la kutisha, ila lilijirudia, na lilikuwa kwenye maandishi ya kufundisha au kueleza jambo. Kwenye hadithi halikuonekana. Kwa hiyo anayesoma riwaya kwenye simu akiwa ndani ya basi la Singida ajisomee kwa raha zake. Jirani yake wa kiti cha pili, anayesoma desa la takwimu kwenye simu, ndiye wa kujiuliza.

Kwa nini iwe hivyo? Jaribio la watafiti wa Israel, Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith, lililochapishwa mwaka 2011, ndilo linalonishawishi kuliko mengine. Wanafunzi wa chuo walipopangiwa muda wa kusoma, wa karatasi na wa skrini walipata alama zinazokaribiana. Walipoachiwa kila mmoja aamue mwenyewe kwamba sasa ameelewa, inatosha, wa skrini waliachwa nyuma. Tena walipoulizwa wanatarajia kupata ngapi, hao hao ndio waliojikadiria juu kupita uwezo wao. Macho yalikuwa mazima na akili ilikuwepo; kilichowaponza ni kujiamini mapema. Wengi wanaofuatilia jambo hili wanadhani chanzo ni mazoea: skrini ndipo tunapopitia meseji, status na vichwa vya habari, kila kimoja kwa sekunde chache, na mwendo huo tunaingia nao hata kwenye desa la kurasa arobaini.

Karatasi nayo ina masharti yake. Ukibana slaidi sita kwenye ukurasa mmoja ili kuokoa hela, herufi zikabaki kama chawa, sijui umechapa kwa faida gani.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu, hawasumbuki"

Ingekuwa hivyo, pengo lingepungua kadiri miaka inavyokwenda. Uchambuzi ule wa 2018 ulilitazama hilo ukakuta kinyume: kati ya 2000 na 2017 faida ya karatasi iliongezeka. Kufahamu simu ni ujuzi wa vidole. Kusoma aya ngumu ukaikamata ni ujuzi mwingine.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Kwa mwalimu wa Kondoa au Mpwapwa mwenye nakala chache za kitabu, huo ni ukombozi. Tatizo linaanza pale mtu anaposema kwamba, kwa kuwa kitabu kipo kwenye kishikwambi, cha karatasi hakina haja tena ya kununuliwa. Mtoto wa darasa la tano anayejifunza kufuata maelezo marefu ya sayansi ndiye hasa anayehitaji cha karatasi.

"Skrini inaua macho"

Malalamiko ni ya kweli: macho kuwasha, kuona ukungu, kichwa kugonga. Sababu kubwa ni kope. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, idadi inaweza kushuka chini ya nusu, na unyevu wa jicho ukakauka. Sasa weka juu yake kiangazi cha Dodoma, hewa kavu na upepo wa vumbi, utaona kwa nini macho yanawasha saa tisa mchana. Hayo huisha ukipumzika. Chama cha madaktari wa macho wa Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa bluu wa skrini unaharibu jicho, na miwani inayouzwa kwa ajili ya kuuzuia hakiipendekezi. Kinachopendekezwa ni cha bure: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Aliyekaa Chimwaga, kilipo chuo chetu, hakosi kilima cha kutazama.

Kuhusu watoto kushindwa kuona mbali, lawama si ya skrini peke yake. Kunahusishwa na kutazama vitu vya karibu kwa saa nyingi na kutotoka nje mchana, na hapo hata kitabu kimo.

Usingizi ni habari nyingine. Katika jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 2015, watu 12 waliosoma kwenye skrini yenye mwanga mkali kwa saa nne kabla ya kulala walichukua wastani wa dakika kumi hivi zaidi kusinzia kuliko waliposoma kitabu. Nani anasoma desa saa nne mfululizo kitandani? Hata hivyo, kupunguza mwanga usiku hakugharimu kitu.

"Skrini zote ni moja"

Kuna visomeo vya wino wa kielektroniki, yaani vifaa vya kusomea vitabu, ambamo chembe nyeusi na nyeupe hupangwa zikaakisi mwanga wa nje kama karatasi inavyofanya. Hata juani vinasomeka, wakati simu kwenye jua la saa saba pale Nyerere Square huishia kukuonyesha uso wako. Mtafiti Anne Mangen wa Norway na wenzake wa Ufaransa, katika utafiti wa 2019, waliwapa watu 50 hadithi ya kurasa 28, nusu wakaisoma kwenye kisomeo hicho na nusu kwenye kijitabu. Kwa mengi walilingana. Waliosoma kijitabu ndio waliopanga vizuri zaidi mfuatano wa matukio. Inadhaniwa mkono una sehemu yake: unapoushika unene wa kurasa zilizopita na zilizobaki, unajua uko wapi kwenye hadithi. Kwa hiyo ile habari kwamba hadithi hazina pengo ina kijitundu hapo.

"Basi karatasi ni bora kila mahali"

Mwambie hivyo bibi anayekuza herufi za Biblia kwenye simu kanisani, baada ya miaka mingi ya kusoma kwa kubahatisha. Au asiyeona, anayesomewa maandishi na simu yake. Au wakili anayetafuta neno moja ndani ya sheria yenye kurasa mia mbili. Huko karatasi haifui dafu.

Na asiye na hela ya kuchapa asikate tamaa. Mwaka 2014 Ackerman na Tirza Lauterman walionyesha kwamba wasomaji wa skrini walipotakiwa kuandika maneno machache yanayobeba kiini cha walichokisoma, pengo lilizibika. Zima data, soma sehemu moja, geuza simu kifudifudi, andika hoja zake kwenye daftari bila kuchungulia, halafu fungua uone umeacha nini.