Je, wajua kwa nini walenga shabaha hukagua risasi za bunduki ya upepo moja baada ya nyingine?

Kwenye Olimpiki, bunduki ya upepo hufyatuliwa kutoka mita 10, na alama ya kumi ni kidoa chenye upana wa nusu milimita. Risasi yenyewe ina kipenyo cha milimita 4.5. Kwa kipimo hicho, kasoro ambayo jicho karibu halioni inatosha kukupotezea pointi.

Itazame risasi kwa karibu: kichwa bapa, kiuno chembamba, na nyuma uwazi wenye ukingo mwembamba unaoitwa sketi. Uhai wote uko kwenye sketi. Upepo ukisukuma, ukingo huo hutanuka na kubana kuta za mtutu, na mifereji iliyojipinda ndani yake huizungusha risasi. Lakini madini ya risasi (lead), ambayo risasi hizi hutengenezwa kwayo, ni laini. Kopo la risasi likidondoka, sketi kadhaa hubonyea. Risasi yenye sketi iliyobonyea ikitoka mdomoni mwa mtutu, hewa iliyo nyuma yake huvujia upande mmoja kwanza na kuipiga kikumbo. Mkono wako ulitulia, pumzi uliibana vizuri, na bado tundu linatokea pembeni.

Ndiyo maana ukaguzi wa macho, kwa maoni yangu, unazidi maandalizi mengine yote. Ziviringishe risasi juu ya kioo kilichoinama kidogo. Kwa kuwa kichwa na sketi havilingani upana, kila moja itachora upinde. Nzima hufuata njia ileile. Yenye kasoro huyumba au hukata kona yake. Hiyo iweke kando.

Kupima uzito nako kunasaidia, ila wengi hukutukuza mno. Risasi ya mashindano ya bunduki ina takriban gramu 0.53, na tofauti ya miligramu chache kwa mita 10 husogeza tundu kwa sehemu tu ya milimita. Kwa mita 50 ni habari nyingine kabisa.

Kuosha huondoa vumbi na vipande vya madini vilivyobaki kiwandani. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo vinatosha, kisha zikaushe vizuri na uzipake mafuta kiduchu sana, maana zikiachwa kavu huota ungaunga mweupe. Kwa bunduki ya springi, yaani ile ambayo springi ndiyo hubana hewa, epuka mafuta ya kulainisha yatokanayo na petroli: hewa ikibanwa hupata joto, mafuta huwaka, na kasi hubadilika kila unapofyatua. Usitumie vyombo vya kulia chakula, na nawa mikono, kwa sababu madini haya ni sumu.

Kinachobaki ni kuujua mtutu wako. Ifunge bunduki kwenye jiliwa ili isitikisike, piga risasi kumi kumi za kila toleo la kiwandani, yaani kundi lililotengenezwa pamoja, ulinganishe matundu. Mitutu miwili ya muundo mmoja inaweza kupendelea matoleo tofauti, hivyo ukipata toleo ambalo matundu yake yamejikusanya vizuri, nunua makopo ya kutosha yenye namba hiyohiyo ya toleo.